Horohoro na Lungalunga: ndugu wawili, mpaka mmoja. Nani alilipa zaidi wakati wa korona?

#1 Mwana wa Pongwe

Habari zenu wana jukwaa.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga mjini. Dada yangu ameolewa Mombasa, na katikati yetu pana mpaka mmoja tu: upande wetu unaitwa Horohoro, upande wao Lungalunga. Mwaka 2020 mpaka huo ulitugawa kwa namna ambayo bado tunabishana kila tunapokutana kwenye harusi, nami nimeona niulete ubishi huu kwenu.

Kwake amri ya kutotoka nje usiku, wao wanaiita kafyu, ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwangu shule zilifungwa, mikusanyiko ikapunguzwa, daladala zikaamriwa zibebe abiria waliokaa kwenye viti tu, lakini soko, msikiti, kanisa na cherehani yangu viliendelea. Nilishona barakoa za kitenge usiku na mchana, na sitaficha kwamba mwezi wa nne na wa tano nilipata fedha kuliko kipindi chochote cha nyuma.

Dada alikuwa akiuza viazi vya karai na mishikaki. Anayeijua Mombasa anajua kwamba biashara hiyo huanza watu wakishaswali Magharibi, yaani saa ile ile ambayo serikali ilitaka kila mtu awe kwake. Mtaji wake ulikwisha kabla ya Idi.

Hoja yangu ni hii. Katika nchi ambayo watu wengi hula jioni walichokipata mchana, ukimzuia mtu kutoka hujamwondoa kwenye hatari, bali umemhamisha kutoka foleni moja na kumpanga kwenye nyingine. Tanzania haikuwafungia watu, na ilikuwa sahihi. Mwenye kupinga aje na hoja, matusi abaki nayo kwake.

#2 Kinyozi wa Temeke

Naunga mkono hoja, mkuu. Wale waliokuwa wakituambia tukae umbali wa mita moja hawakuwahi kueleza kichwa kinanyolewaje kwa umbali huo.

#3 Mkunga Mstaafu

Mwanangu mleta uzi, nimesoma andiko lako kwa makini, na limeandikwa vizuri. Umetuambia kwamba hukulala njaa hata siku moja. Hukutuambia kama hukuzika.

#4 Mwana wa Pongwe

Mama, umenishika pabaya. Nilizika. Baba mdogo alifariki Februari 2021 baada ya siku sita za kukohoa na kukosa pumzi. Tuliambiwa ni changamoto ya upumuaji. Mliokuwepo mnakumbuka kwamba mwezi huo kila tangazo la msiba lilikuwa na maneno hayo, na kwamba tarehe 17 ya mwezi huo huo alifariki Muhimbili, Dar es Salaam, Maalim Seif Sharif Hamad wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeshatangaza hadharani kwamba alikuwa na korona. Hata hivyo baba mdogo alikuwa mtu wa miaka 71 mwenye kisukari. Sioni namna ambayo kafyu ingemsaidia.

#5 Wakili Kimya

Naandika kutoka Nairobi. Kabla mjadala haujakwenda mbali, naomba turekebishe jambo moja, kwa sababu neno "kufungiwa" linatumiwa kwa vitu vitatu ambavyo kisheria havifanani.

Kafyu yetu ilitolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, na ilihusu usiku tu. Zuio la kutoka au kuingia kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi lilianza tarehe 8 Aprili 2020, siku mbili baada ya lile la Nairobi na viunga vyake, nalo halikumzuia mtu kufanya kazi ndani ya kaunti yake mchana. Jambo la tatu ni kuzungushia mtaa mzima uzio, kama ilivyofanywa Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa kuanzia tarehe 6 Mei, ambako watu hawakuruhusiwa kutoka wala kuingia mtaani. Sasa, dada yake mleta uzi aliumizwa na lipi kati ya hayo matatu? Jibu linabadilisha hukumu.

Niongeze kwamba suala hili lilifika mahakamani mapema sana. Chama cha Wanasheria wa Kenya kilifungua shauri, na tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, kwa sababu Katiba inaruhusu haki kupunguzwa kwa kiasi kinachofaa pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza zilivunja Katiba. Aliagiza pia mawakili na maofisa wa mamlaka ya kusimamia mienendo ya polisi waingizwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutembea usiku. Kwa maneno mengine, mahakama ilikataa mizani ya kitu kimoja dhidi ya kingine. Ilisema kwamba unaweza kuwa na lengo halali na bado ukalifikia kwa njia haramu.

#6 Abiria wa Likoni

Wakili ameeleza sheria ilivyoandikwa. Mimi nitaeleza ilivyokuwa kivukoni.

Feri ya Likoni huvusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku. Kabla ya kafyu, wanaotoka kazini kisiwani walivuka kuanzia saa kumi alasiri hadi saa nne usiku, kila mtu kwa wakati wake. Ilipoamriwa kwamba saa moja jioni kila mtu awe ndani, wote tulilazimika kuvuka kati ya saa tisa na saa kumi na mbili unusu. Nilisimama pale siku ya kwanza, Ijumaa, katika umati ambao sijawahi kuuona hata siku ya mkesha wa Idi, pua yangu kwenye shingo ya mtu nisiyemjua. Yaliyofuata, mabomu ya machozi na virungu kabla hata saa ya kafyu haijafika, dunia nzima iliyaona kwenye picha. Moshi wa mabomu yale uliwafanya watu walie, wakohoe na kujifuta nyuso kwa mikono. Kama ungetaka kubuni njia ya kusambaza maradhi ya kifua, ungebuni nini zaidi?

Kwa hiyo sipingi kwamba ugonjwa ulikuwepo. Napinga kuamini kwamba amri huwa dawa kwa kuwa tu imetolewa na wizara ya afya.

#7 Mkunga Mstaafu

Abiria, pole sana. Unalosema ni kweli, na serikali yenu ililiona baadaye, kwani daraja la kuelea la Liwatoni lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021 lilijengwa kwa sababu ya msongamano huo huo wa feri. Lakini mmechukua siku moja iliyoendeshwa vibaya mkaifanya kuwa ushahidi dhidi ya wazo lote.

Nilikuwa wodini miaka 34. Katika majuma yale ya kwanza hatukujua lolote. Tulikuwa tunaona Italia wanavyozika. Hospitali nyingi za wilaya katika nchi zetu hazikuwa na mtambo wa kuzalisha oksijeni. Mitungi ilisafirishwa kwa gari, ikichelewa imechelewa. Anayefunga mlango usiku huo hafanyi hivyo kwa kuwa anajua jibu, bali ananunua muda wa kulitafuta. Swali la haki ni kwamba muda ule ulionunuliwa kwa mtaji wa mama wa viazi ulitumiwa kufanya nini. Mitungi iliongezwa? Wauguzi walipata glovu? Hapo ndipo ningependa mleta uzi aelekeze hasira yake.

#8 Dereva wa Semi

Salamu kwa wote. Mimi huendesha lori kutoka bandarini Mombasa hadi Kampala, na wakati mwingine hufika Kigali, kwa hiyo nilizipita sheria za nchi tatu katika safari moja.

Nyinyi mnaobishana kuhusu kafyu ya Kenya hamjaonja. Uganda walisimamisha usafiri wa umma tarehe 25 Machi 2020, siku chache baadaye hata magari binafsi, na bodaboda hazikuruhusiwa kubeba abiria hadi mwishoni mwa Julai. Mwanzoni mama mjamzito aliyetaka gari la kumpeleka kujifungua alitakiwa kupata kibali cha mwakilishi wa rais wa wilaya. Fikirieni hilo: uchungu umeanza saa nane usiku, na wewe unatafuta mtu wa kukusainia karatasi. Rwanda walifunga mapema zaidi, tarehe 21 Machi, na mimi nilikuwa nikipita Kigali mchana kama mtu anayepita makaburini.

Sisi madereva tulifanywa kuwa ugonjwa wenyewe. Malaba nimekaa siku tano kwenye foleni ya malori nikisubiri majibu ya kipimo, tukilala chini ya trela, tukipikiana kwenye jiko moja, tukichangia choo kimoja cha kulipia. Waliopimwa wakakutwa nao waliitwa "madereva wa kigeni" kwenye taarifa ya habari, na Uganda ikafika mahali pa kuwaondoa kabisa kwenye hesabu yake. Lakini dawa, ngano na mafuta ya petroli vilivyowaweka hai waliofungiwa ndani vilifika kwa malori yetu. Uhuru wangu wa kutembea haukuguswa, kwa sababu walikuwa wanauhitaji.

#9 Kinyozi wa Temeke

Dereva, umesahau kututajia Namanga Mei 2020, Kenya walipofunga mpaka wakaacha mizigo tu, malori yakapangana hadi nyanya zikaanza kuota. Halafu Agosti wakatutoa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kuingia, nasi tukaizuia ndege yao isitue. Majirani wanagombana kwa sababu mmoja amefunga dirisha na mwenzake ameliacha wazi!

#10 Mwalimu wa Zamu

Naomba niingize upande ambao haujaguswa, nao ni watoto. Watu wazima tunapopima uhuru na afya huwa tunajipima sisi wenyewe.

Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi 2020. Kidato cha sita na vyuo wakarudi Juni mosi, na waliobaki tarehe 29 Juni. Kenya ilitangaza Julai kwamba mwaka wote wa masomo umefutwa. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne wakarudi Oktoba, na wengine Januari 2021. Uganda ilifunga Machi 2020 ikafungua Januari 2022, takriban miaka miwili, watoto milioni 15 nyumbani. Nilifundisha darasa la saba mwaka ule wa 2020 hapa kwetu, na miezi mitatu tu ilitosha kuwafanya wavulana wanne wasirudi tena. Wawili walikwenda machimboni. Sitaki kufikiria darasa lililokaa nyumbani miezi 22. Na kule Kenya mnakumbuka zile habari za wasichana karibu elfu nne waliopata mimba katika kaunti moja ya Machakos kwa sababu ya kufungwa kwa shule.

#11 Wakili Kimya

Mwalimu, nakubaliana na moyo wa hoja yako, lakini ule mfano wa Machakos haufai. Idadi ile ilitokana na wasichana waliohudhuria kliniki za wajawazito katika miezi ya mwanzo wa 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Ukihesabu kwa vidole utaona kwamba wengi wao walikuwa wajawazito tayari kengele ya mwisho ilipogongwa. Ilikuwa habari ya kuhuzunisha ambayo ingeweza kuandikwa mwaka wowote.

#12 Dereva wa Semi

Nami nimsahihishe kidogo. Uganda hawakukaa miezi yote 22 bila mtoto hata mmoja darasani. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 2020 na mengine kwa zamu mwaka uliofuata, kisha wimbi la Juni 2021 likafunga tena kila kitu. Walioumia zaidi ni wadogo wa chini kabisa, ambao hawakuitwa kabisa.

#13 Mwalimu wa Zamu

Nimesahihishwa mara mbili kwa dakika kumi, kama mwanafunzi wangu mwenyewe. Ahsanteni. Nabaki na wale wavulana wanne, ambao hakuna atakayenisahihisha kwao.

#14 Takwimu za Mtaa

Nimekaa kimya nikisubiri mtu ataje uchumi kwa tarakimu, lakini naona kila mmoja ameleta jirani yake.

Mleta uzi anadhani kwamba kutofunga kulilinda riziki. Sehemu ya dai hilo ni kweli. Kwa takwimu rasmi, pato la Tanzania mwaka 2020 lilikua kwa asilimia 4.8, wakati la Kenya lilipungua kwa asilimia 0.3. Lakini tazama Arusha na Zanzibar. Watalii waliokuja Tanzania mwaka 2019 walikuwa takriban milioni 1.5, mwaka 2020 wakawa kama laki sita. Hatukumfungia mtu, tukafungua anga tarehe 18 Mei kabla ya majirani wote, na bado wapagazi wa Kilimanjaro walirudi vijijini kulima. Mtalii wa Ujerumani hakuzuiwa na amri ya Dodoma. Alizuiwa na hofu yake na serikali yake. Kwa hiyo tunapopima, tusiweke njaa yote kwenye sahani ya vizuizi. Nyingine ilikuwa ni ya ugonjwa wenyewe, na ingetufikia kwa vyovyote.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema. Tarehe 29 Aprili 2020 tulitangaziwa wagonjwa 480 na vifo 16, kisha hesabu ya taifa ikakoma. Siku chache baadaye tukasikia kwamba papai na mbuzi wamekutwa na virusi, na maabara ikatiliwa shaka. Mwezi Julai zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni ambazo zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini. Ibara ya 30 ya Katiba yetu inaruhusu haki za mtu kubanwa kwa ajili ya afya ya jamii; haikutumiwa kuzuia miguu yangu, lakini iliyobanwa ni haki ya kujua. Mimi nilikuwa huru kwenda harusini, na sikuwa na njia ya kujua kama kwenda ni salama. Je, huo ni uhuru, au ni kuachiwa gizani ujikwae mwenyewe?

#15 Kinyozi wa Temeke

Papai limeletwa, nilikuwa nalisubiri tangu posti ya pili.

Lakini kwa heshima, mkuu, mbona hatukufa kama walivyotabiri? Walisema maiti zitalala barabarani. Mimi kinyozi ninagusa vichwa thelathini kwa siku, sikuvaa barakoa baada ya Juni, nilijifukiza kwa majani ya mwarobaini na mchaichai, na nipo hapa nachapa.

#16 Mkunga Mstaafu

Mwanangu Kinyozi, waliokufa hawachapi. Hilo ndilo tatizo la ushahidi wako.

#17 Takwimu za Mtaa

Swali la Kinyozi ni halali hata kama ushahidi wake ni wa saluni. Wataalamu bado wanavutana, na kila maelezo yana shimo lake.

Wapo wanaosema ni umri: nusu ya Watanzania ni watoto na vijana wa chini ya miaka 20, na ugonjwa huu uliwachukua wazee zaidi. Ni kweli, lakini Afrika Kusini pia ni changa kuliko Ulaya, na ilizika watu wengi mno. Wapo wanaosema ni maisha ya nje, madirisha wazi na jua. Maelezo hayo yanapendeza hadi umpandishe mtu kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Wengine wanasema vizuizi vya mapema ndivyo vilivyosaidia. Lakini Kenya ilipopima damu za wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020, wakati wa makali ya kafyu, ilikadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 4 ya watu wazima walikuwa na kingamwili, na Mombasa kama asilimia 8. Maana yake virusi vilikuwa vimeshafika kwa watu wengi mno kuliko waliotangazwa, huku hospitali hazijajaa. Na wapo wanaosema jibu ni rahisi: hatukuhesabu. Katika nchi ambayo vifo vingi hutokea nyumbani na kuzikwa siku hiyo hiyo bila cheti, mtu anaweza kufa asionekane kwenye tarakimu yoyote.

Mimi nimejaribu kuyachanganya yote, na bado sipati hesabu inayofungana.

#18 Wakili Kimya

Takwimu, ile ya damu nayo inasomwa kwa njia mbili. Unaweza kusema kafyu haikuzuia kitu. Unaweza pia kusema kwamba bila kafyu ile asilimia 8 ingekuwa 40 ifikapo Juni, na wagonjwa wote wangekuja siku moja.

#19 Mzee wa Shangani

Vijana, haya si mageni. Pale mbele ya Unguja pana kisiwa cha Changuu ambacho wageni hukiita kisiwa cha gereza, ingawa kilitumika zaidi kama karantini ya abiria wa meli. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, wakoloni waliuteketeza mtaa wa maduka ya Wahindi kwa moto ili kuua panya. Nyumba zilizoteketea hazikuwa za maofisa. Kila enzi ina namna yake ya kuchagua ni mtaa gani uzungushiwe uzio.

#20 Abiria wa Likoni

Mzee, umesema nililotaka kusema tangu mwanzo bila kupata maneno. Mwaka 2020 walizungushia uzio Mji wa Kale na Eastleigh. Kuna mitaa yenye mabwawa ya kuogelea ambayo virusi vilifika kwanza, vikitokea uwanja wa ndege, na haikuwekewa hata kamba.

#21 Wakili Kimya

Kwa haki ya waliotoa amri, mitaa ile miwili ndiyo iliyokuwa na ongezeko kubwa la walioambukizwa wakati huo, na wazee wengi wa mitaa hiyo waliombwa kushirikiana. Lakini nakubali kwamba uzio ni mwepesi kwa mwenye jokofu lililojaa.

#22 Mama Karai

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye dada anayezungumzwa. Kaka yangu hakuniomba ruhusa, lakini nimemsamehe, kwa kuwa angalau hakuandika jina langu.

Naomba nisahihishe. Kwanza, mtaji haukwisha kabla ya Idi. Ulikwisha Agosti. Ramadhani ile niliuza kuliko alivyodhani, kwa sababu nilihamisha saa: nilianza kukaanga saa tisa, watu wakanunua futari mapema na kukimbilia makwao. Kafyu ilinibana, lakini nilijipinda nikapita. Kilichonimaliza ni wateja kutokuwa na fedha. Mteja wangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa hoteli za Nyali na Bamburi, na hoteli zilifungwa kwa kukosa wageni. Hata kama serikali ingeniruhusu kukaa barabarani hadi saa sita usiku, ningewauzia nani?

Pili, tuliambiwa kwamba kodi imepunguzwa. Kodi ya ongezeko la thamani ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na mwenye mshahara usiozidi shilingi elfu 24 akasamehewa kodi ya mapato. Mimi sina mshahara wa kusamehewa kodi yake. Kijana wangu alipata kibarua cha Kazi Mtaani, akazibua mitaro, na kwa fedha hizo tulilipa nusu ya kodi ya nyumba. Nusu nyingine mwenye nyumba alitusubiri, Mungu amjalie. Kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021 jirani zangu walipiga vigelegele. Mimi sikuwa na karai tena; nilikuwa nimeliuza.

Tatu, na hili kaka hakuliandika. Baba mdogo alipofariki sikuvuka kuja kumzika. Siyo kwamba mpaka ulikuwa umefungwa. Nilitakiwa kuwa na cheti cha kipimo, na bei yake ilizidi nauli ya kwenda na kurudi. Nilikaa Mombasa nikasikiliza dua kwenye simu.

#23 Kinyozi wa Temeke

Dada, shikamoo. Hapo sina utani.

#24 Mkunga Mstaafu

Pole sana, binti yangu. Kuna jambo moja ambalo umelieleza vizuri kuliko sisi wote, nalo ni kwamba ulipoachiwa nafasi ya kujipinda, ulijipinda. Mtu aliyetangaza saa moja jioni hakuuliza wauza futari hufunga saa ngapi. Kafyu ingeanza saa tatu tangu mwanzo, kama ilivyokuja kuwa Juni, sidhani kama virusi vingejua tofauti, na feri ya Abiria isingesongamana vile.

#25 Abiria wa Likoni

Mama Mkunga, kwa hiyo sasa unakubaliana nami?

#26 Mkunga Mstaafu

Nakubaliana nawe kuhusu saa. Kuhusu kafyu yenyewe, bado. Na ninamdai Mwana wa Pongwe jibu moja: baba mdogo alipimwa?

#27 Takwimu za Mtaa

Februari 2021? Upimaji wa wananchi wa kawaida ulikuwa kama haupo, Mama. Aliyepimwa zaidi ni msafiri wa ndege. Kamati ya wataalamu iliundwa Aprili, baada ya Rais Samia kuingia, na chanjo zikaanza kutolewa mwishoni mwa Julai.

#28 Mwana wa Pongwe

Nimesoma yote. Dada amenirekebisha mbele ya watu na ana haki. Mimi nilihesabu hasara yake kwa kukisia, nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu.

Bado nasimama kwenye hoja kwamba tusingeweza kufungiwa ndani kama Kampala. Mtaa wetu usingevumilia juma moja. Lakini ile sehemu niliyoandika kwamba kafyu isingemsaidia baba mdogo naiondoa, kwa sababu nimemuuliza mama usiku huu na amenikumbusha kwamba siku nane kabla hajaugua alikuwa msibani Muheza, watu mia mbili na zaidi, hakuna hata mmoja aliyefunika pua, nami nikiwemo. Hakuna aliyemkataza. Sijui angekatazwa angekubali.

Mama Mkunga, kadi yake ya hospitali ninayo. Hakupimwa. Imeandikwa "nimonia" kwa kalamu nyeusi, na pembeni pana alama ya kuuliza kwa kalamu ya buluu. Daktari aliyemwandikia alitumia nyeusi ukurasa wote.

#29 Dereva wa Semi

Mama Karai, karai jipya ulishanunua? Napita Mombasa Alhamisi nikiwa na lori tupu, na nimechoka na chipsi za njiani.

#30 Mama Karai

Nilinunua mwaka jana, dogo kuliko lile. Nipo pale pale, baada ya Magharibi. Uje na fedha kamili, sina chenji.